Pete za turubai zilivyong'oka bi harusi akiwa na hina mbichi, na kofia ya viua iliyotuokoa

Wakuu, assalaam aleikum kwa wa upande huo, na wengine wote hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naenda zangu. Leo nimeandika kwa sababu juzi kuna jamaa aliuliza afanye nini, turubai lake linachanika kwenye matundu ya kamba kila upepo ukivuma. Majibu aliyopewa, mnisamehe, yalikuwa upuuzi. Mmoja alimwambia anunue turubai jipya. Sasa hilo nalo ni jibu?

Haya yamenipata mwenyewe na nitayasema yalivyo, hata yale yanayonitia aibu.

Mimi ni Mgiriama, Mkristo, kazi yangu ya wiki ni ukarani wa mizigo. Wikendi mimi na shemeji yangu Charo tunakodisha maturubai na viti. Vitu vyetu viko Buxton ninakoishi, tunavisukuma kwa mkokoteni hadi Mji wa Kale. Wateja wetu wakubwa ni wenye harusi.

Kwa wasiojua harusi za huku, ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nilitokwa jasho.

Shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Wakishaingia wanavua mabuibui, ndani humo ni nywele zilizotengenezwa, dhahabu, na nguo ambazo mimi nazisikia tu zikisifiwa. Mwanamume haingii, hata awe baba wa bi harusi. Wengi siku hizi wanaenda ukumbini. Wengine bado wanafanyia kwenye kiwanja cha mtaa, na kiwanja hicho lazima kizungushwe maturubai pande zote, marefu kupita kimo cha mtu.

Kwa hiyo turubai langu mimi si la jua wala mvua. Ni ukuta. Likianguka, nyumba ya watu imebaki wazi.

Sasa twende.

Mteja alikuwa Bi. Maimuna, mama wa makamo, anamwoza binti yake Fatma. Kiwanja kiko nyuma ya nyumba yao, kimebanwa na nyumba pande tatu, upande wa nne unatazama kichochoro kinachoshuka baharini. Shughuli ni siku mbili. Jumamosi alasiri bi harusi anatiwa hina, Jumapili alasiri anapambwa na kutolewa watu wamwone.

Nilimwuliza kwa nini hachukui ukumbi, maana kwa jinsi nyumba ilivyokuwa na watu, viti vyangu vyote vingejaa. Akaniambia ni kwa ajili ya mama yake. Bibi huyo hatoki nyumbani tena, miguu imekataa, na ukumbi waliokuwa wamepewa na jamaa yao una ngazi. Walishajaribu kumshawishi abebwe kwa kiti. Bibi akasema yeye si gunia la mchele. Kutoka mlango wa nyuma hadi kiwanjani ni hatua chache, hizo anaziweza akishikwa mkono.

Fatma ni mjukuu aliyelelewa na bibi huyo. Alisema harusi itakuwa pale bibi atakapofika, basi. Familia nzima ikakubali, isipokuwa Ami Swaleh, kaka wa baba yake Fatma. Yeye ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya heshima ya nyumba, baba mtu mwenyewe ni mpole. Tangu mwanzo Ami alitaka ukumbi. Alinitazama mimi na mkokoteni wangu, akageuka akaenda zake.

Jumamosi tukafunga.

Hapa nieleze pete. Turubai likitoka dukani huwa na matundu pembezoni, na kila tundu limezungushiwa pete ya bati ili kamba ipite. Watu wengi wanadhani nguvu iko kwenye ile pete. Mimi pia nilidhani hivyo miaka yote.

Kina mama wakaniomba mafundo yote yawe upande wa ndani. Sababu yao ilikuwa nzuri. Mafundo yakiwa nje, vijana watundu wa mtaani hupita wakalegeza moja, wakapata mwanya wa kuchungulia. Nikaona ni akili, nikafunga ndani. Halafu mimi nina kiburi changu cha kazi, napenda turubai likazwe hadi ukiligonga lilie kama ngoma. Charo alisema nimekaza mno. Nikamwambia anyamaze, yeye ashike ngazi.

Alasiri wanawake wakaingia, udi ukafukizwa, nyimbo zikaanza. Mimi na Charo tukakaa mbali kidogo kwenye kichochoro tukinywa kahawa, roho zimetulia.

Kusi ikavuma. Si upepo wa kutisha, ni ule wa kawaida wa msimu, ila kile kichochoro kinaukusanya na kuusukuma wote mahali pamoja. Turubai la upande huo likavimba. Nikasikia tap. Kisha tap, tap, tap, kama mtu anakata vifungo vya shati.

Pete zilikuwa zinang'oka. Hazikuvunjika, wakuu. Zilitoka nzima nzima, kila moja na kipande cha turubai imekiuma.

Upande mzima ukalala chini.

Mimi na Charo tuligeuza nyuso ukutani kabla ya kufikiri, hiyo nashukuru. Lakini kwenye kichochoro kulikuwa na watu wanapita. Ndani kelele, wanawake wanatafuta mabuibui, anayevaa la mwenziwe, anayejifunika kitambaa cha meza. Na Fatma yuko katikati, hina mbichi mikononi na miguuni, hawezi kukimbia wala kushika kitu. Shangazi zake walimrushia khanga kichwani wakamzunguka kwa miili yao. Haya yote nilihadithiwa baadaye.

Na mimi fundi nimesimama nje, nimeangalia ukuta, siwezi kuingia. Mafundo yako ndani. Hata ningekuwa na pete mia mfukoni, singeweza kufanya lolote mpaka wanawake wote watoke. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile.

Wakahamia sebuleni, wakabanana, wakamaliza hina huko. Bibi alirudishwa chumbani kwake.

Ami Swaleh akaja. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema kesho ni ukumbini, na ataupigia simu ukumbi sasa hivi.

Nikamwomba dakika. Nilikuwa na pete kubwa za akiba na nyundo. Nikatoboa tundu jipya pembeni mwa lile lililochanika, nikagonga pete kubwa, nikaingiza kamba, nikavuta mbele yake kumwonyesha.

Ikang'oka. Mbele ya macho yake.

Ami akatoa simu, akasogea pembeni.

Bi. Maimuna alikuwa amesimama mlangoni. Nilitegemea anitukane, ana haki. Akaniambia taratibu:

"Mwanangu, mamangu yuwalia ndani. Ukumbini hatofika, na Fatma bila yeye hatotoka. Nambie kweli, waweza ama huwezi?"

Nikamwambia kweli, kwamba sijui.

Nadhani jibu hilo ndilo lililomfanya asinifukuze. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kofia mkononi. Ilikuwa kofia ya viua, zile nyeupe zinazoshonwa kwa mkono huku, zimejaa vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa kama maua. Nusu ilikuwa imekamilika, nusu bado ni mchoro wa penseli. Fatma alikuwa akimshonea mume wake mtarajiwa na hakuwahi kuimaliza.

Bi. Maimuna akasema, "Fatma yuwauliza, haya matundu yangu mbona hayachaniki?"

Nikaichukua kofia. Nikaweka ncha ya kidole kwenye kitundu kimoja, nikavuta. Nguo ni nyepesi mara nyingi kuliko turubai langu, na tundu halikuguswa.

Nikavuta tena kwa nguvu. Bi. Maimuna akaninyang'anya, akasema nisije nikaiharibu kofia ya watu.

Basi hapo likaanza somo. Fatma yuko juu dirishani, nyuma ya mbao za dirisha, mimi simwoni na yeye hasemi nami. Anamwambia shangazi yake, shangazi anamwambia Bi. Maimuna, Bi. Maimuna ananiambia mimi. Maneno yalinifikia yamechelewa lakini yamefika.

Niliyoyaelewa ni haya. Kwanza, kofia haitobolewi kwenye nguo moja, ni nguo mbili zilizoshikanishwa. Pili, tundu halishikwi na kitu kigumu. Linazungushiwa uzi, na ule uzi unashonwa ukazama kwenye nguo pande zote, kwa hiyo ukivuta upande mmoja, duara lote linasaidia kubeba. Pete ya bati inauma nguo kwenye ukingo tu, ukivuta inaukata ukingo kama kisu butu. Na kadiri unavyoweka pete kubwa ndivyo unavyotoboa tundu kubwa na kula nguo zaidi. Nilikuwa nafanya kinyume kabisa.

Jambo la tatu lilikuwa dogo lakini ndilo lililonishangaza. Sindano haziingii zote mstari mmoja. Moja inaingia karibu na tundu, inayofuata mbali kidogo, tena karibu, tena mbali. Ukizipanga mstari mmoja umetengeneza njia ya kuchanikia.

Nikamwendea Ami Swaleh, nikamwomba asubiri hadi adhuhuri ya kesho. Akakataa. Bi. Maimuna akamwita, "Shemeji," kisha akaongea naye faraghani. Sijui alimwambia nini. Ami alirudi akasema sawa, adhuhuri, lakini turubai atalijaribu yeye mwenyewe, na likichanika tundu moja tu, watu wanaenda ukumbini na mimi nisionekane tena mtaa huo.

Nikakimbia Biashara Street kabla maduka hayajafungwa. Nilichukua mkanda ule mpana wa mabegi, uzi mnene wa nailoni wa kushonea viatu na sindano za magunia. Mwenye duka aliniuliza nashona nini, nikamwambia kofia. Akanitazama kichwani.

Jumapili asubuhi mapema tukalitandaza turubai kiwanjani. Nilijua mimi na Charo peke yetu hatumalizi. Sikuomba msaada, niliona aibu. Lakini kina mama wa mtaa walitoka mmoja mmoja na mabuibui yao, wakakaa kwenye majamvi upande wao, wakadai sindano. Karibu wote wamewahi kushona kofia. Sisi wawili tukakaa ncha ya pili ya turubai, na kazi ikawa moja.

Tulikunja ukingo wa turubai, tukaweka mkanda wa begi katikati ya mkunjo, tukashona juu na chini, ili nguvu itembee kwenye mkanda na isisimame kwenye tundu. Kutoboa tulitoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko, ukingo ukayeyuka kidogo na nyuzi zikashikana. Halafu tukasokota kamba nyembamba kuwa pete, tukailaza kuzunguka tundu, tukaishonea hapo kwa mtindo wa Fatma, sindano ya karibu, sindano ya mbali.

Mshono wangu wa kwanza ulipelekwa dirishani ukaguliwe. Ukarudi na ujumbe kwamba nisivute uzi hadi nguo ikunje uso, maana nguo ikijikunja tundu linakaa upande na kuvutika vibaya. Mama mmoja akaongeza la kwake, kwamba mishono yangu inafanana na meno ya mtoto mwenye mapengo. Walicheka wote. Charo alicheka zaidi, na mishono yake ilikuwa mibaya kuliko yangu.

Niwafichulie kitu. Nilikuwa nimeamka na hofu, lakini katikati ya ule utani hofu ikaniishia. Bibi alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma anatutazama, amejifunika mtandio. Kila tundu likikamilika alitikisa kichwa kukubali.

Mambo mawili niliongeza mwenyewe, na haya najivunia. Kati ya tundu na kamba niliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, ili upepo ukivuta, mpira unyooke kwanza, urudi. Na niliacha turubai lilegee kidogo. Charo alitabasamu tu, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno.

Tulipolifunga tena, mafundo safari hii tuliyatoa nje. Nikamwambia Bi. Maimuna kuhusu watundu wa mtaani asijali, mimi na Charo tutakaa hapo hapo kwenye mafundo, migongo kwa turubai, na hatakaribia mtu.

Adhuhuri Ami Swaleh akatoka msikitini moja kwa moja hadi kwetu. Ni mtu mnene, mrefu, kifua kama kabati. Akachagua tundu la pembeni, lile lile la mahali palipochanika jana, akashika kamba akavuta. Akavuta tena. Akazungusha kamba mkononi, akajitupa nyuma mwili mzima, hadi kandambili zikamtoka.

Mpira ukanyooka, ukingo ukanyooka, tundu likabaki tundu.

Akajaribu jingine, na jingine. Kwenye la nne alining'inia, wakuu, sitanii, miguu ikaacha ardhi, mzee wa watu anabembea kama embe. Kina mama dirishani wakashindwa kujizuia, nikasikia vicheko. Hata yeye akacheka. Akavaa kandambili zake, akasema, "Haya. Mleteni bibi yao nje mapema, achague pa kukaa." Akaondoka.

Alasiri ikafika.

Tulikaa nje kama tulivyoahidi. Nyuma yetu watu wanaingia, manukato, vicheko, viti vyangu vinalia. Na kusi ikaja tena, saa ile ile, kupitia kichochoro kile kile. Nilisikia turubai likivimba nyuma ya shingo yangu. Nilifumba macho nikawa nangoja ile tap.

Haikuja. Vipande vya mpira vilinyooka, vikarudi. Vikanyooka, vikarudi. Baada ya muda nikaanza kupumua kwa mwendo wa vile vipande.

Halafu ndani kukawa kimya ghafla. Mara moja tu, nyimbo zikakatika.

Nikashtuka. Nikadhani kuna upande umeachia ambao sisi hatuuoni. Charo akanishika mkono nisigeuke.

Ndipo ikasikika sauti ya mtu mzima sana, nyembamba, inaimba polepole. Ilikuwa peke yake. Iliimba ubeti, ikasimama kuvuta pumzi, ikaimba mwingine. Sikuyajua maneno, ni ya zamani ya watu wa Mvita wenyewe. Hakuna aliyemwitikia mpaka alipomaliza, kisha vigelegele vikapasuka nikahisi turubai litachanika kwa hivyo, si kwa upepo.

Bi. Maimuna akachungulia kwenye upenyo wa mlango, amejitupia buibui, uso umelowa.

"Mamangu huyo," akasema. "Kasimama mwenyewe. Tangu babangu afe hajaimba."

Akarudi ndani. Hakuwa na nafasi ya kuongea na sisi, na hatukuhitaji.

Mimi nililia, wakuu. Charo alijifanya anakagua fundo.

Turubai lile bado ninalo, na limeshafungwa kwenye harusi nyingi tangu hapo. Nimeshayageuza maturubai yetu yote kwa mtindo huo, polepole, jioni baada ya kazi. Kofia ile sikupata kujua kama ilimalizwa kabla ya ndoa, na si adabu kuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba tundu likichanika, usikimbilie kuongeza ugumu wa pete. Ongeza nguo, tawanya nguvu, legeza kidogo, na weka fundo mahali utakapoweza kulifikia mambo yakiharibika. Na ukiulizwa kama unaweza na hujui, sema hujui. Mwenye kujua huenda yuko dirishani anakusikiliza.

Nimesema nitayasema yalivyo, na kweli yenyewe ni kwamba sikuona chochote cha ile harusi. Sijui Fatma anafananaje mpaka leo, wala sikuiona sura ya bibi wakati anaimba. Niliona kichochoro, na kivuli cha turubai kikipanda na kushuka ukutani mbele yangu, kizima.

Sasa wewe jamaa wa turubai linalochanika, kama uko humu, piga picha ya tundu lako ukaiweke hapa chini tulitazame. Na wenye njia zao nyingine, hasa wa malori na wa sokoni, nisahihisheni, ila kama jibu lako ni kununua jipya, pita kimya kimya.